Msaidizi wa jaji kwenye mahakama ya kabila

Umeuliza kama binti yako anayemaliza sheria Marekani aombe kazi ya msaidizi wa jaji kwenye mahakama ya kabila, yaani mahakama inayoendeshwa na kabila la Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani, au asubiri mahakama za serikali kuu. Aombe, ndugu yangu, na aombe kwa moyo wote.

Chukua Mahakama ya Juu ya Taifa la Wanavajo, mojawapo ya makabila hayo, pale Window Rock, Arizona. Kazi yenyewe ni kusoma majalada ya rufaa, kutafiti na kumwandalia jaji rasimu ya hukumu. Lakini sheria anayoitafiti ni pana mno: kanuni zilizopitishwa na Baraza la Wanavajo, sheria za shirikisho, na mila za Wanavajo zenyewe, ambazo mahakama huzitumia kama sheria kamili. Humo undugu na heshima ni hoja ya kisheria. Hata upatanishi wa kimila una nafasi yake rasmi tangu 1982.

Ajiandae hasa kwenye suala la mamlaka. Tangu kesi ya Oliphant, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1978, mahakama za makabila haziwezi kumshtaki kwa jinai mtu asiye Mhindi Mwekundu, isipokuwa pale Bunge la Marekani liliporuhusu, kama sheria ya 2013 kuhusu ukatili wa majumbani, iliyopanuliwa 2022. Asome pia sheria ya haki za raia wa makabila ya 1968.

Kwenye barua ya maombi aeleze kwa nini anataka kabila hilo hasa. Barua moja iliyotumwa kila mahali hujulikana haraka.