Uso na Mandhari Chini ya Mwanga Mmoja

Wanaoanza kuchora picha ya mtu aliye katika mandhari wengi hukamilisha uso kwanza, kisha hujaza miti, vilima na anga nyuma yake. Nawasihi muache mazoea hayo mapema, kwani uso uliomalizwa peke yake huwa na mwanga wake, mandhari nayo ikaja na mwingine, na mtu huonekana amebandikwa tu. Funika kwanza turubai nzima kwa rangi iliyozimuliwa, ukitafuta palipo na giza na palipo na mwanga, na kila unapogusa shavu, gusa pia anga iliyo kando yake.

Kazi kubwa imo katika vivuli vya ngozi. Mtu akiwa nje, jua si chanzo pekee cha mwanga: sehemu za kivulini zinazotazama juu, kama vile paji la uso na mabega, hupokea ubuluu wa anga, ilhali chini ya kidevu hupanda mwanga unaorudishwa na ardhi, wenye ukijani akiwa kwenye majani mabichi na wenye umanjano akiwa kwenye mchanga mkavu. Kivuli hicho cha kidevu ukikipaka rangi nyeusi tupu, uso hupoteza uhai papo hapo.

Mstari wa upeo wa macho usiupitishe shingoni, maana huonekana kama unaikata. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyeanza kuchora Mona Lisa, picha ya mwanamke mbele ya mandhari, mnamo 1503 hivi, aliweka njia na daraja katika rangi za udongo karibu na mabega, na milima ya mbali, iliyofifia kwa ubuluu, akaipandisha hadi usawa wa kichwa. Katika picha hiyo upeo wa kushoto uko chini kuliko wa kulia, na pembe za mdomo wa mwanamke hazina mstari wowote. Nanyi acheni ukingo mmoja wa uso uwe mkali na mwingine uyeyukie nyuma. Kwangu hili ni muhimu kuliko kuhesabu majani ya mti.

Baada ya saa mbili hivi vivuli huwa vimehama. Wekeni brashi chini, mrudi kesho saa ileile, wala msirekebishe kivuli cha asubuhi kwa kufuata jua la mchana.