Kabla hujaipima mikoko: neno kwa wanaoanza utafiti

Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza utafiti wa misitu hapa Unguja na Pemba, kwa sababu kosa nililolifanya katika mikoko ya Chwaka bado naliona likirudiwa. Nilipima mahali pa kila mkandaa na kila mchu, nikatafuta jirani wa karibu zaidi wa kila mti, nikajaza jedwali la ujirani, yaani hesabu ya miti ya kila spishi kwa spishi ya jirani yake, kwa njia aliyoieleza mwanaikolojia Pielou mwaka 1961, kisha nikalipitisha kwenye kai-mraba ya kawaida, kipimo cha takwimu cha kuona kama hesabu zimetofautiana na za bahati. Jibu likatoka kwamba spishi hizo mbili zimetengana vikali, nami nikafurahi mno.

Kosa la kwanza lilikuwa hili: mkandaa ukiwa na jirani wa karibu zaidi, mara nyingi jirani huyo naye jirani yake wa karibu zaidi ni mkandaa ule ule. Umbali ni mmoja, ulioupima kwa utepe huku matope yamekufika magotini, lakini jedwalini umeingia mara mbili. Hata miti ikitawanyika kwa bahati tupu, karibu asilimia 62 yake huwamo katika jozi za namna hiyo. Kai-mraba hudhani kila hesabu inajitegemea, kwa hiyo huweza kuona ushahidi mwingi kuliko uliopo. Mtakwimu Dixon alilirekebisha jambo hili mwaka 1994. Tumieni kipimo chake.

Zito zaidi ni kujua bahati unayoilinganisha nayo ni ipi. Ukiuliza kama mikarafuu iliyokufa katika shamba la Pemba imekaribiana, mahali pa miti palikwishaamuliwa na aliyeipanda, na kilichobaki kwa bahati ni upi ufe. Basi iache miti ilipo, uchanganye alama za uzima na ufu kwa kompyuta, tuseme mara 999, kisha uulinganishe ukaribu ulioupata shambani na wa michanganyo hiyo. Mkandaa na mchu, kinyume chake, kila mmoja umejiotea kwa njia yake. Hapo huchanganyi majina, bali unaisogeza ramani nzima ya spishi moja juu ya ya pili, miti inayotoka nje ya ukingo huu ikiingilia ukingo wa pili, ili vikundi vyake visivunjike.

Hata hivyo mchu huota upande wa bahari na tena upande wa nchi kavu, na mkandaa hukaa katikati. Kiwanja changu kilivuka kanda zote hizo, kwa hiyo nilichokiita utengano wa spishi kwa sehemu kubwa kilikuwa ni kazi ya maji kujaa na kupwa. Siku hizi nakigawa kiwanja kwa kufuata alama za maji, na kila kanda naipima peke yake.