Kwa Mnaoanza Kupima Ulaji na Ukuaji wa Walaji wa Seli Moja wa Baharini

Ninyi mnaoanza kazi hii hapa Dodoma mko mbali na bahari, kwa hiyo wengi wenu mtaanza na kiumbe wa seli moja anayefugika maabara, kama vile Oxyrrhis marina, ambaye hula mwani na huishi vizuri katika maji ya chumvi. Umbali huo si kikwazo, mradi joto lidhibitiwe, kwa kuwa usiku wa Julai hapa ni wa baridi na mchana wa Novemba ni wa joto kali, ilhali kasi ya viumbe hawa kula na kugawanyika hufuata joto.

Shikeni kwanza kwamba kula ni jambo moja na kukua ni jingine. Chakula kikiongezeka, kiasi anachomeza kiumbe kwa saa hupanda haraka kisha hufika kikomo, maana kila windo lina muda wake wa kukamatwa na kumezwa. Ukuaji nao hupanda, lakini kuna kiwango cha chakula ambacho chini yake mlaji anakula na bado anapungua, kwa kuwa anachopata hakitoshi kumweka hai. Hata akishiba, takribani theluthi moja tu ya kaboni aliyokula ndiyo hugeuka kuwa mwili wake.

Ugumu mkubwa uko katika kuhesabu seli. Seli 200 kwa mililita zikiwa 400 kesho yake, logi asilia ya uwiano huo inatupa kasi ya 0.69 kwa siku, na hesabu hiyo ni sahihi. Hata hivyo, seli zilizoshiba zikihamishiwa kwenye maji yasiyo na chakula zinaweza kuendelea kugawanyika kwa muda huku zikizidi kuwa ndogo, na anayehesabu tu atadhani zinakua. Chini ya hadubini tofauti iko wazi: aliyeshiba amevimba na mwani wa kijani unaonekana ndani yake, ilhali mwenye njaa amesinyaa na mwili wake unapenya mwanga. Basi pimeni urefu na upana kila mnapohesabu, na wazoesheni viumbe kiwango kipya cha chakula kabla ya kuanza kupima. Binafsi siamini kasi ya ukuaji isiyoambatana na vipimo vya ukubwa.

Mkitaka kupima jamii nzima ya walaji kwa mbinu ya kuzimua maji (yaani kuchanganya maji ya bahari na maji yaleyale yaliyochujwa, kwa viwango mbalimbali), iliyoelezwa na watafiti Landry na Hassett mwaka 1982, jaribio lifanyieni pwani, kisha mlete Dodoma sampuli zilizohifadhiwa kwa mmumunyo wa Lugol, ambao ni wa iodini, mkikumbuka kwamba mmumunyo huo husinyaza seli. Chupa zijazeni taratibu kwa mpira wa kupitishia maji ambao ncha yake imezama, kwa sababu siliati wengi, yaani walaji wa seli moja wenye vinyweleo vya kuogelea, hawana ganda na mapovu huwapasua, na wakifa kabla ya jaribio kuanza mtaandika ulaji mdogo kuliko uliopo baharini.