Kabla hujaisoma μ, tazama imekaa wapi

Uwe umeingia famasia, maabara, uhandisi au takwimu, herufi μ utakutana nayo mapema. Madarasani huitwa "myu". Shida yake ni kwamba ina kazi mbili zisizohusiana. Ikiwa imegandana na kizio, kama μg au μF, ni kiambishi "mikro": gawanya kwa milioni moja. Ikisimama yenyewe ndani ya fomula, ni jina la kiasi fulani, na kiasi hicho hubadilika ukihama idara. Kwa hiyo usishike kikokotoo kabla hujaangalia kilichoandikwa mbele yake.

Tuanze na mikro, maana hapo ndipo watu huumia. Mwandiko wa haraka hugeuza μ kuwa m, na μg ikisomwa mg dozi inakuwa mara 1,000. Levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, hutolewa kwa vidonge vya 25, 50 na 100 μg. Hakuna anayepaswa kuiona "50 mg" akaendelea kuhesabu vidonge. Kwenye cheti cha dawa andika "mikrogramu" kwa kirefu, au mcg nafasi ikibana.

Kompyuta nayo haikuokoi. Katika fonti ya zamani iitwayo Symbol, μ ilikaa mahali pa herufi m. Faili likifunguliwa pasipo na fonti hiyo, m hujitokeza bila onyo. Programu inayofuata Unicode (mfumo unaoipa kila herufi namba yake) ikibadilisha maandishi yote kuwa herufi kubwa, "μg" hutoka "ΜG", kwani mu kubwa ina umbo lilelile la M. Tena ziko μ mbili, U+00B5 na U+03BC, zinazofanana kabisa kwa macho. Ukitafuta moja kwenye jedwali la matokeo, safu zenye nyingine huenda zikakupita. Kubalianeni moja tangu siku ya kwanza. Alt+0181 kwenye Windows hutoa ile ya kwanza. Kwenye Word, andika 03BC kisha bonyeza Alt+X upate ya pili.

Wa maabara, kumbuka 1 μL ni sawa na 1 mm³, hivyo CD4 (hesabu ya aina moja ya chembe nyeupe za damu) ya 350 kwa μL na 350 kwa mm³ ni jibu lilelile, usizidishe chochote. Kwenye kuhesabu vimelea vya malaria, ukipata vimelea 50 dhidi ya chembe nyeupe 200, piga 50 × 8,000 ÷ 200, ambapo 8,000 ni chembe nyeupe zinazokadiriwa kwa μL ya damu: ni 2,000 kwa μL. Ukiandika mL umepunguza ugonjwa mara elfu kwa herufi moja.

Mafundi wana tabia yao. Kapasita ya feni ya dari huandikwa 2.5 μF, 2.5 uF au 2.5 MFD, na zote ni mikrofaradi. Hiyo M si mega wala si mili. Zile ndogo za kauri zenye namba 104 husomwa 10 na sufuri nne, kwa pikofaradi: yaani 0.1 μF.

Sasa ndani ya fomula. Kwenye msuguano, F = μR (R ni kani ambayo uso unasukuma nayo kitu), μ haina kizio, na hakuna sheria inayoizuia kuzidi 1. Kosa la kila mwaka ni kwenye mteremko: mwanafunzi anaweka R = mg badala ya mg cos θ, θ ikiwa pembe ya mteremko. (Na hiyo mg ni tungamo mara g, mchapuko wa mvutano wa dunia, si miligramu.) Kuipima ni rahisi: inua ubao taratibu hadi kipande kianze kuteleza, tan ya pembe hiyo ndiyo μ. Kikianza kwenye 30°, ni kama 0.58.

Kwenye takwimu μ ni wastani wa kundi zima, ambao kwa kawaida huujui. Wastani wa sampuli ni x̄. Dhana tete huandikwa H₀: μ = 50; ukiandika x̄ = 50 unajaribu kitu ambacho tayari umeshakipima.

Wahandisi wa vimiminika huita μ mnato. Maji ya 20°C yana takribani 0.001 Pa·s. Usiichanganye na ν (mnato wa kinematiki), ambayo ni μ iliyogawanywa kwa densiti: ukiiweka ν mahali pa μ kwenye Re = ρVD/μ (densiti × kasi × kipenyo ÷ mnato), namba ya Reynolds ya maji inapanda mara 1,000 na mtiririko mtulivu unaonekana wa vurugu.

Ukiandika ripoti ya vilainishi utahitaji msuguano na mnato ukurasa mmoja. Mwachie msuguano μ, mnato uupe η, kisha weka zote mbili kwenye orodha ya alama pamoja na vizio vyake.