Mti wa pesa umenifia ghafla, nimekosea wapi?

SWALI: Mama shikamoo. Naomba unisaidie maana wiki nzima roho inaniuma. Nilikuwa na mti wa pesa, ule wa majani manene yanayong'aa, mama yangu alinikatia tawi kwenye wake wa Moshi nilipohamia Arusha miaka mitatu iliyopita, ukakua hadi ukanifika gotini. Kila Jumamosi naumwagilia glasi moja, sijawahi kuruka hata siku moja. Mwezi wa tatu niliuhamishia kwenye poti nyeupe ya kauri, haina tundu lakini chini niliweka kokoto. Sasa mwezi huu wa saba majani yakaanza kusinyaa nikaongeza maji, siku nne tu yakawa yanadondoka ukiyagusa, juzi shina likalala lenyewe. Jirani anasema ni jicho. Sijabadilisha kitu jamani, imekuwaje? Bado sijautupa, uko nje kwenye ngazi. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na kwa vile ni tawi la mama najua uchungu wake.

Asante kwa kutoutupa, sasa nenda kautoe kwenye poti ubonyeze shina pale linapoingia kwenye udongo. Likiwa laini kama ndizi iliyoiva ikapitiliza, ukikwangua kwa kisu ndani kahawia na kuna harufu ya uvundo, basi mizizi imeoza, na kwa maelezo yako mimi sina shaka ndicho kilichotokea. Ila angalia pia kwenye mizizi kama kuna vijidudu vyeupe kama vipande vya pamba, navyo vinaua kimyakimya hivyohivyo.

Unaona kama umekufa ghafla kwa sababu mimea hii ina akiba ya maji kwenye majani na shina, kwahiyo mizizi inaweza kuanza kufa huko chini na juu bado kunang'aa, unakula akiba yake taratibu na wewe unapita asubuhi unausifia. Akiba ikiisha ndo majani yanasinyaa, na hapo ndo wengi tunapoumalizia, maana jani lililosinyaa linafanana kabisa na jani lenye kiu, kumbe udongo umeloa tele ila mizizi ya kunywa haipo tena. Ukiona limesinyaa, kabla ya kushika glasi chomeka kidole au kijiti hadi chini kabisa, kikitoka na unyevu usimwagilie.

Unasema hujabadilisha kitu, ukiacha hiyo poti ni kweli, ila Arusha yenyewe imebadilika! Mwezi wa sita na wa saba ni baridi na mawingu, jua unaweza usilione hadi saa nane, mmea unakunywa kidogo sana na udongo haukauki, halafu Jumamosi ikifika glasi ni ileile ya mwezi wa kwanza. Mti huu kwao ni Afrika Kusini na Msumbiji, kwenye vilima vya mawe na vichaka vikavu, umezoea kukaa mkavu muda mrefu, hata vitundu vyake vya hewa unafungua usiku ili mchana usipoteze maji. Hizo ratiba za kila wiki mimi sizikubali hata kidogo.

Na kokoto chini ya poti isiyo na tundu hazisaidii, maji yanabaki kwenye udongo ulio juu yake, yanayozidi yanatuama humo humo. Toboa tundu, au uache kwenye poti ya plastiki yenye matundu uitumbukize humo kwa urembo tu, ukimwagilia unaitoa hadi ichuruzike.

Jirani usimwekee kinyongo, na mambo ya jicho yaache.

Sasa tuokoe. Kata matawi ya juu ambayo bado magumu, endelea kukata hadi ndani uone kijani safi bila doa la kahawia, doa likibaki uozo unapanda. Majani mazima nayo yaokote, yakilazwa juu ya udongo mkavu baada ya wiki kadhaa huwa yanatoa vijimizizi. Matawi yaache kivulini kama wiki hivi hadi kidonda kikauke kabisa, ndo uchomeke kwenye udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na mchanga wa chenga kubwa, bila maji. Siku ukivuta kidogo tawi likakataa kutoka, ujue limeshika, hapo lipe maji ya kwanza.