Kamati ya watoto inasema haina fedha: uanzie wapi

Dada wa Newala, umeuliza ufanye nini, maana kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata yenu haikai vikao kwa madai kwamba haina fedha.

Jibu la mdomo usilikubali. Nenda kwa diwani, umwombe muangalie pamoja kifungu cha ustawi wa jamii kwenye bajeti ya halmashauri: kilitengewa shilingi ngapi, na zimetoka ngapi. Hapo ndipo penye tatizo mara nyingi. Fedha zinaandikwa, baraza la madiwani linapitisha, halafu hazitoki, na afisa ustawi anakosa hata mafuta ya pikipiki ya kumfikia mtoto kijijini. Inauma sana, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 imeipa halmashauri wajibu wa kumlinda mtoto waziwazi.

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri msiihesabu kuwa fedha za kamati. Ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo hoja yenu ya kuitengea kamati fedha ipite Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi mingi kabla. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, daini taarifa ya kamati: vikao, mashauri yaliyopokelewa, yaliyofika polisi. Majina ya watoto yasitajwe kabisa.

Kama kuna mtoto aliye hatarini sasa hivi, usingoje kikao. Piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.