Nanga kubwa ya Titanic haikuwa na mnyororo

Je, nanga kubwa ya Titanic ndiyo iliyoshushwa kila meli iliposimama? Hapana, ile nanga ya tani 15 na ushei iliyolala katikati ya omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, haikuwa ya matumizi ya kila siku. Ilikuwa ya akiba. Zilizofanya kazi ni zile mbili za ubavuni, kila moja karibu tani 8, ndizo zilizokuwa na minyororo. Meli iliposimama Queenstown, Ireland, tarehe 11 Aprili 1912 kuchukua abiria wa mwisho, nanga ya ubavuni ndiyo iliyoshuka.

Ya katikati ilifungwa kamba nene ya waya, na haikuwa na tundu la kutokea ubavuni. Ilikaa kwenye kishimo chake juu ya sitaha, na nyuma yake kukawekwa kreni yake peke yake ya kuinyanyua na kuitoa nje ya meli. Tazama picha za mabaki: kreni bado ipo pale omoni, na minyororo ya zile mbili imetandazwa sitahani hadi kwenye winchi zake. Mimi nimeamini nilipoona hizo picha, maana michoro peke yake inachanganya.

Ile picha maarufu ya farasi wanaokokota nanga, hiyo ndiyo ya katikati, ikitoka kiwandani kwa Hingley, kampuni iliyoitengeneza, huko Netherton, Uingereza, mwaka 1911.

Ila angalia vipimo: tani hizo ni za Kiingereza, kilo 1,016 kila moja.